Zamu ya Askofu na Alama Zilizohama

Jumatatu, 1 Machi 1999
Kosa la wengi wanaopanga majedwali kwenye skrini ni kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka jicho liridhike. Kubahatisha! Programu niliyoitunga mwenyewe huandika jina, kisha Tab, ile ya kurukia safu, kisha alama chini ya tarehe. Pasta Maweu amenikabidhi zamu za kulisha wageni wa kanisa, maana hapa Noonkopir ni mimi tu niliyestaafu ualimu nikanunua kompyuta. Tarehe 14 inakuja kwaya ya Magadi, vijana wenye njaa. Tarehe 21, Askofu. Kwaya nimempa Mureithi wa duka la mabati, anayetusumbua na nyumba yake ya vigae. Askofu nimejipa mwenyewe. Mke wangu, Mama Melvin, ana jogoo aliyemlea tangu alipofika kwenye katoni kutoka Kimilili. Kwetu, mgeni mkubwa asiyeonja firigisi hajakaribishwa.

Alhamisi, 4 Machi
Nimeijaribu programu kwa majina mawili: Opiyo, la jirani yangu, na Maweu. Safu zimenyooka kama kamba ya fundi. Nikachapisha orodha nzima, nikaifunga kwenye bahasha bila kuisoma. Mureithi asije akachungulia. Usiri ni nusu ya ushindi.

Jumapili, 7 Machi
Msiba! Orodha iko mlangoni mwa kanisa. Alama ya Mureithi iko chini ya 21. Ya Nalianya, yaani mimi, iko chini ya 28, Jumapili isiyo na mgeni. Chini ya 14 hakuna mtu. Mureithi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mwalimu, kumbe wanipenda hivi, na mimi nimekuwa nikikusema vibaya. Nilimjibu kwamba ni Mungu. Kando nilimweleza Pasta kuwa mashine imekosea. Akasema Mureithi ameshashukuru, hanyang'anywi, na kwaya itakula kwa aliyeandika orodha. Mama Melvin alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Tulipofika aliuliza kama kompyuta inaliwa.

Jumanne, 9 Machi
Jirani yangu Opiyo, anayefundisha kompyuta chuoni, alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema Tab si umbali, mzee, ni steji ya matatu, na steji ziko kila baada ya herufi nane. Jina fupi kama lake hushuka steji ya kwanza. Majina Mureithi na Nalianya yana herufi nane. Yameshaifikia, kwa hiyo Tab huyapeleka hadi inayofuata. Dawa: pima jina refu kuliko yote, ongeza nafasi mbili, kila jina lipewe upana huo huo, na programu yenyewe ijaze pengo. Akaongeza kwamba ningejaribu kwa jina langu ningeliona kosa. Nilimshukuru. Mtu mwema, ila anapenda mno kufundisha.

Jumapili, 14 Machi
Kwaya imekuja. Imeimba vizuri. Jogoo ameliwa. Mwimba besi mmoja alitafuna firigisi akiwa amesimama, akauliza kama kuna nyingine. Mama Melvin alitoka, akasimama mbele ya kizimba kitupu. Nilitaka kumweleza habari za steji. Nikaona si wakati wake.

Jumatatu, 22 Machi
Askofu amemsifu mbuzi wa Mureithi mbele ya kanisa zima. Hata hivyo, atarudi Aprili! Pasta ameniachia orodha tena, akinisihi niisome kabla ya kuifunga. Ushauri wa Opiyo ni mzuri, lakini kuvunja programu nzima kwa ajili ya herufi nane? Nimepata njia ya mkato. Alama ya Mureithi na yangu nimezirudisha nyuma Tab moja. Kisha, kwa kuwa Askofu mwenyewe huenda akasoma pale mlangoni, jina langu nimeliandika pamoja na cheo: Mwalimu Nalianya. Limekuwa refu maradufu, linapendeza. Nimejaribu kwa Opiyo na Maweu. Safu zimenyooka. Bahasha imefungwa.

La kufanya leo: kumtafutia Mama Melvin jogoo.