Kura Tulizomwazima Spragg

Jumatatu, 3 Oktoba

Waziri Mkuu kajiuzulu! Alisimama nje ya ule mlango mweusi wa makao yake, mvua ikimnyeshea, akasema anataka kukaa zaidi na familia yake. Familia yenyewe ilikuwa pembeni, imeshtuka kuliko sisi. Masikini. Nilimsikitikia mpaka nilipomaliza chai, kisha nikaanza kupiga simu.

Chama kinahitaji kiongozi, na mimi, Clement Puttock, mbunge wa Saltmere kwa miaka kumi na minane, nahitaji wizara. Sichagui sana. Uchukuzi ingenifaa. Wizara ina gari na dereva, na watu wanasimama ukiingia. Miaka yote hii hajasimama mtu, isipokuwa mhudumu wa mgahawa wa bunge, naye alikuwa anafunga.

Utaratibu wetu ni huu. Wabunge tunapiga kura ya siri, wa mwisho anatolewa, tunarudia mpaka wabaki wawili. Hao wawili wanapelekwa kwa wanachama nchi nzima, yaani watu kama mke wangu Rosalind, mwenyekiti wa tawi letu, wamalize kazi. Rosalind alinisikiliza kwenye simu, akaniuliza kama safari hii ningejaribu tu kumpigia kura mtu ninayemtaka. Hajui siasa huyu mwanamke.

Jumanne, 11 Oktoba

Wamebaki watatu. Marcus Tolland, mtu wangu, mrefu, meno mazuri, anaongoza. Kaniteua mhesabu kura wa kambi yake, wa kujua nani yuko nasi, na kaniahidi Uchukuzi tukiwa kwenye lifti, mbele ya shahidi. (Shahidi kashuka ghorofa ya kwanza, lakini ahadi ilikuwa imeshaanza.)

Wa pili Verity Cranleigh. Huyu ndiye jinamizi langu. Nilikuwa msaidizi wake wizarani, akanifukuza siku ya tisa. Amesema waziwazi kwamba akishinda nitakaa kiti cha nyuma bungeni, bila cheo, mpaka nizikwe. Giles Pomfret, jirani yangu ofisini, yuko kambi yake. Pomfret ana dirisha. Mimi sina. Anapita mlangoni kwangu akiniambia nje kuna jua.

Wa tatu Neville Spragg. Hapa nacheka mwenyewe. Spragg! Mtu ambaye hotuba yake ya mwisho ilihusu vimo vya nyua za mashamba, na alipomaliza hakuna aliyejua anaviunga mkono au anavipinga.

Kesho atatolewa mmoja. Akitoka Spragg, Tolland atapambana na Cranleigh mbele ya wanachama, na wanachama wanampenda Cranleigh. Nimekwisha! Lakini je, akitoka Cranleigh? Tolland dhidi ya Spragg ni ushindi wa mteremko.

Tolland ana kura za ziada. Basi tumwazime Spragg kidogo. Kura kama kumi hivi, zimsukume mbele ya Cranleigh, kesho kutwa tunaendelea na maisha. Akili ni nywele, na mimi bado ninazo nyingi.

Nimechagua watu kumi wa kuaminika. Nimemwita kila mmoja peke yake, nikamwapisha asiseme kwa yeyote. Wote waliapa. Mmoja aliweka mkono kifuani, nikaguswa sana.

Jumatano, 12 Oktoba

Siku ya kura. Tulipanga mstari kwenye ukumbi wa juu, tukakabidhi simu zetu mlangoni maana chama hakituamini, tukatumbukiza karatasi kwenye sanduku jeusi la bati. Nilimpigia Spragg. Kura yangu niliiongeza juu ya zile kumi, nisingeweza kuwatuma wenzangu nisikokwenda.

Saa kumi na moja tukasomewa matokeo. Spragg wa kwanza. Cranleigh wa pili. Tolland wa tatu, ametolewa.

Sikusikia vizuri kilichofuata. Nilimwona Spragg akigeuka nyuma yake kutazama Spragg mwingine ni yupi.

Nimechunguza. Wale kumi walikuwa na marafiki, na kila mmoja alimwapisha rafiki yake asiseme kwa yeyote. Kambi nzima imeazima! Nimekutana nao wote kantini, wote wanaapa kwamba walimpigia Tolland, wanafutana machozi.

Tolland mwenyewe nilimkuta ofisini kwake, kakaa gizani. Nikamwambia kwamba bila shaka kuna wasaliti.

"Puttock," akasema, "wewe si uliniambia kura zimefurika?"

Nikasema ndiyo, hesabu ilionyesha hivyo.

"Basi na mimi nilimpa Spragg."

Nikamwambia pole. Akaniambia nitoke, tena kwa maneno ambayo siyaandiki, isije siku moja Rosalind akaisoma shajara hii.

Alhamisi, 13 Oktoba

Usingizi hauji. Cranleigh dhidi ya Spragg. Ama nizikwe kiti cha nyuma, ama nimtumikie mtu wa nyua.

Ngoja kwanza. Spragg yuko pale kwa sababu ya nani? Kwa sababu yangu! Mimi ndiye niliyemwinua kutoka mavumbini. Mtu huyu ana deni la shukrani kwangu na hajui. Nimempelekea ua kwenye chungu. Kapokea kwa furaha, kauliza ni la aina gani.

Jumamosi, 22 Oktoba

Wagombea walikuja Saltmere kujieleza kwa wanachama. Ukumbi wa kanisa ulijaa, wastani wa umri miaka sabini na kitu, nikimhesabu mtoto wa mchungaji. Rosalind aliongoza. Nilijipanga karibu na Spragg kwenye kila picha.

Cranleigh alizungumza nusu saa juu ya kodi na deni la taifa. Alikuwa na majibu ya kila kitu. Wakampigia makofi ya adabu, kama unavyompigia daktari wa meno.

Spragg alisema atarudisha nchi ilivyokuwa. Rosalind akamuuliza ilivyokuwa lini hasa.

"Kabla," akajibu Spragg.

Ukumbi ulilipuka. Watu wasioweza kusimama bila fimbo walisimama. Kisha akala vipande viwili vya keki ya mama mweka hazina, keki ambayo mimi kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiificha kwenye leso, akaomba cha tatu. Nilijua hapo hapo kwamba Cranleigh kwisha habari yake.

Usiku Rosalind aliniambia kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nikamwambia mimi sikumdharau, mimi ndiye niliyemtengeneza. Akazima taa.

Ijumaa, 4 Novemba

Spragg kashinda! Kwa kura nyingi mno! Nimemkumbatia Pomfret kwenye korido kwa makusudi. Alikuwa amejikaza kama ubao. Nikamwambia nje kuna jua.

Jumatatu, 7 Novemba

Siku ya uteuzi. Nilikaa na simu mezani tangu alfajiri. Suti mpya. Sikuthubutu kwenda msalani. Rosalind alipiga kuniuliza kuhusu samaki wa chakula cha jioni, nikamfokea aiache laini wazi. Ataninunia wiki nzima, lakini mke wa waziri lazima azoee.

Saa tisa ikaita. Nikaenda mbio, nikatabasamu mbele ya wapiga picha, mlango mweusi ukafunguka.

Spragg alikuwa amekaa nyuma ya meza kubwa mno kwake. Nikamweleza yote: kura za kuazima ziliniumiza kichwa usiku kucha, zilikuwa kazi ya mikono yangu, nilihatarisha kila kitu kwa ajili yake.

"Ulikuwa mhesabu kura wa Tolland," akasema taratibu.

Nikasema hasa, ndiyo maana ilihitaji ujasiri.

"Leo wamekuja watu wengi, kila mmoja anasema ndiye aliyeniweka hapa. Pomfret peke yake amekuja akaniambia hakunipigia kura, na hatanipigia hata nikirudi mara mia." Akasogeza kikombe chake. "Nimempa Uchukuzi. Mtu asiyenipenda na akasema, najua alipo. Wewe, bwana, sijui uko wapi."

Wakanitoa kwa mlango wa nyuma, wa mapipa ya taka. Nililia. Nililia kweli, nimesimama kati ya mapipa, na suti yangu mpya. Miaka kumi na minane nimetaka kitu kimoja tu, kakipata mtu mwenye dirisha.

Nyumbani Rosalind hakuninunia. Alinipakulia samaki, akanishika bega, akasema labda sasa nimejifunza kwamba ukweli una faida.

Alhamisi, 10 Novemba

Sikulala nikiyatafakari maneno ya Rosalind. Mwanamke huyu ana hekima! Ukweli una faida. Pomfret kausema mara moja tu, kapata wizara. Mbinu gani hii, na imekaa bure miaka yote bila kutumiwa!

Spragg hatafika Krismasi akiwa madarakani. Tolland anajiandaa kugombea tena, kila mtu anajua. Basi asubuhi nilimwendea, nikasimama wima mbele yake, nikamwambia ukweli mtupu: mpango wote ulikuwa wangu, kura yangu nilimpa Spragg, na meno yake sijawahi kuyapenda.

Akanirushia kiti.

Nadhani imemwingia. Kesho naanza na Cranleigh, nimwambie mambo yote niliyoyasema nyuma yake tangu anifukuze, moja baada ya jingine, bila kuficha. Mpaka Jumatatu niwe nimewafikia wabunge wote wenye dalili za kugombea. Rosalind kaomba nimpe shajara asome. Nimemwambia haina kitu.