Marehemu Mdogo Wangu Aache Kunitukana

Ndugu Prodyuza,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ndiye kaka mkubwa wa marehemu Msumari, yule mwanahiphop uliyemrekodi kwa miaka mitatu. Nadhani unanifahamu, kwa kuwa kila mwenye redio ananifahamu: mimi ndiye yule seremala. Siandiki kwa ugomvi. Nimekaa na jambo hili moyoni hadi limenishinda.

Mdogo wangu aliacha karakana yangu, na kabati la watu halijafika hata nusu, akaenda kuimba. Nikamwambia mbele ya wateja kuwa kelele si kazi. Hatukusemeshana miaka mitatu. Alipolazwa nilikwenda, nikamnywesha uji, nikamkata kucha, naye akaniambia, "Kaka, yameisha." Baada ya siku tisa akafariki. Basi, yaliisha. Shida ni wewe, ndugu yangu: kompyuta yako imejaa mistari aliyoirekodi kabla hayajaisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Udongo wa kaburi haujakauka, wewe ukatoa wimbo wa kwanza: "Kaka yangu fundi, hupima mara tatu, meza ina miguu minne, yasimama kwa mitatu." Tangu hapo mteja akiingia, kabla ya hodi anatikisa meza. Meza ile niliitengeneza nikiwa na homa! Nilimsamehe.

2. Wa pili ulihusu ninavyokoroma. Hayo ni ya ndani. Mke wangu huuimba akiosha vyombo. Juzi alicheka hadi akalia, nami sikujua nimbembeleze kwa lipi. Nikasamehe tena.

3. Kisha mkatoa rimiksi. Tusi lilelile, ila sasa lina kiitikio cha akina dada wanne. Jamani, hao dada nimewakosea nini? Na msanii mmoja wa ugenini naye akatia ubeti kuhusu meza zangu, wakati hajawahi kukalia hata kigoda changu.

4. Mtangazaji amesema ugomvi wetu ni urithi mkubwa katika hip-hop, kwamba kizazi kizima kimejifunza kwa Msumari kusema ukweli wa nyumbani. Sawa. Lakini sasa kila chipukizi anamtukana kaka yake. Wiki iliyopita alinijia mmoja, mtoto wa pekee kwao, akaomba kwa adabu zote ruhusa ya kunitukana mimi. Nilimruhusu, maana aliniamkia vizuri.

5. Nimeshasamehe mara saba. Aliye hai ukimsamehe anakoma, au anaongeza ukajua moja. Huyu mwili uko kaburini na mdomo uko redioni. Nikimjibu, watu watasema nagombana na maiti. Nikinyamaza, nimekubali habari ya meza.

Kwa hiyo naomba kila wimbo utanguliwe na tangazo kwamba ulirekodiwa kabla hatujapatana. Kama haiwezekani, nipewe dakika mbili mbele ya kipaza sauti. Mistari ninayo, na nimeipima. Hilo nalo likishindikana, marehemu asimamishwe kazi hadi atakapoomba radhi kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya wazee wa ukoo. Sheria ni msumeno.

Nisalimie wote hapo studio, akina dada wa kiitikio wakiwemo, na yule aliyeweka kicheko baada ya jina langu. Mkeo na watoto wape pole ya kelele.

Wako katika subira iliyofika ukingoni,
Kaka mtu, fundi seremala

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii nikasikia wimbo wenu mpya, mnaosema ndio wa mwisho. Nimeusikiliza mara nne, ya nne nikiwa nimebandika sikio kwenye spika. Sijatajwa popote. Anamwimbia msichana fulani, basi. Ndugu yangu, hebu tafuta tena kwenye hiyo kompyuta. Haiwezekani maneno yake juu yangu yawe yamekwisha. Hata mstari mmoja. Niliyoomba hapo juu yafute yote. Ukiupata, hata uwe mkali vipi, usiupunguze. Nimemkumbuka mno.