Mitego Yangu ya "Heavy"

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mwalimu Kiende ameandika "heavy" ubaoni. Anasema Mwingereza ana maneno yake ya kuliandamanisha. Sisi tunasema mvua kubwa, yeye "heavy rain". Sisi faini kubwa, yeye "heavy fine". Ijumaa kila mtu alete orodha yake. Onyo: neno moja la kubuni, karatasi nzima inatupwa.

Mshindi atashika ufunguo wa maktaba. Na mshika ufunguo haendi paredi! Jumatatu ijayo ni zamu yangu kusoma habari paredini. Mwaka jana nilifungua mdomo, ikatoka kwikwi. Moja tu. Shule nzima bado inaikumbuka.

Ufunguo ni wangu. Kizuizi ni Fathia, tunayekaa naye dawati moja.

Jumanne, 16 Septemba

Nina kumi na tisa. "Heavy traffic", "heavy smoker", "heavy sleeper" (huyo ni baba).

Fathia amenisalimia mara mbili. Kwa nini mbili? Akauliza nimefikisha ngapi. Nikamwambia nne. Akasema mashallah, jikaze dada. Nani husema mashallah kwa nne? Ameshaiona orodha yangu!

Jumatano, 17 Septemba

Mtego. Nimechanganya maneno matatu ya uongo na yale ya kweli: "heavy tea", "heavy Tuesday", "heavy uncle". Nikaacha daftari wazi, nikaenda choo. Nikakaa huko mpaka wakanigongea. Kurudi, daftari limesogea. Upana wa kidole!

Kuna zaidi. Fathia na Khadra wameshikana mikono chini ya sweta, kama madalali wa mbuzi wanaopatana bei chini ya kitambaa ili watu wasijue. Wanapitishiana maneno yangu!

Jioni nikamwendea mjomba Adan, dalali wa miaka mingi, anifundishe lugha ya vidole. Akaniuliza kwani nauza mbuzi. Nikasema hapana. Akasema vidole vinasema hesabu tu, haviwezi kusema mvua. "Na mikono ya watu iache, Jawahir."

Hata mjomba! Labda anajuana na baba yake Fathia.

Alhamisi, 18 Septemba

Arobaini na moja! Nimenakili yote kwenye karatasi safi, jicho moja likiwa dirishani. Fathia alipita na jerikani ya maji. Alipita tena, akirudi. Sikubanduka mpaka nikamaliza.

Ijumaa, 19 Septemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Mwalimu alisoma orodha ya Fathia kwanza. Nilingoja "heavy uncle" kwa hamu. Haikuja. Ishirini na tatu, yote sahihi. Akachukua yangu. Akatabasamu. Akasoma, akasoma. Akauliza kwa upole, huyu "heavy uncle" ni nani?

Darasa likaangua kicheko. Hamse wa nyuma akaniuliza kama mjomba anapimwa kwa kilo. Mitego yote mitatu niliinakili mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Ufunguo amepewa Fathia.

Jumamosi, 20 Septemba

Fathia amekuja nyumbani. Anasema chini ya sweta walikuwa wakiambiana kwa vidole wamefikisha ngapi, Hamse asijue. Halafu akasema: "Walahi Jawahir, huu ufunguo nilikuwa nautaka tushike wawili. Najua paredi inakutetemesha. Nimeshaongea na mwalimu, amekubali. Wewe sema ndiyo tu."

Mama akasema huyo ndiye rafiki. Nusura niseme ndiyo. Nakiri.

Jumapili, 21 Septemba

Nimefikiri sana. Nani anagawa ufunguo bure? Ukipotea, wa kulaumiwa tutakuwa wawili. Mjanja! Nimemwambia hapana, asante. Akaondoka taratibu, kama mtu aliyekamatwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesoma habari. Kwikwi saba. Hamse alihesabu kwa sauti. Fathia alikuwa kwenye dirisha la maktaba, akinipungia mkono nijikaze. Au akinicheka. Kwa mbali vinafanana.

Mwalimu Kiende ametoa neno jipya: "strong". Anasema orodha ikiwa safi, mshindi ataungana na Fathia maktaba. Nimeshaandaa mitego sita. Safari hii sikuiandika daftarini, Fathia asije akaiona. Nimeiweka moja kwa moja kwenye karatasi safi.