Tone Moja Juu ya Tarumbeta ya Baba Neema

Leo aibu imenikuta Kahama mjini, na niliifuata mwenyewe kwa nauli yangu. Naandika haraka kabla hamjasimuliwa na wengine, maana kuna kundi zima la wapiga tarumbeta limeshuhudia, na wale watu hawajui kusema kitu kwa sauti ndogo.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Neema wa Segese. Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Nina mzani, meza, kiti cha plastiki na mkoba. Kazi hii imenifundisha jambo moja: mwenye dhahabu ya kweli hana adabu. Anatoka duarani, kwenye shimo la machimbo, na vumbi lake, hasalimii, anatupa kipande mezani na kusema, "Pima, nina haraka." Huyo ni mtu salama. Lakini akija mtu kachana nywele, akakuita dada yangu mpendwa, akauliza kama watoto hawajambo, shika mkoba wako vizuri. Huyo kakuletea shaba.

Mume wangu, Baba Neema, yeye hapimi kitu. Ukimwambia karibu, anakaa. Anapiga tarumbeta kwenye kundi la Mzee Masanja, wale wanaotangulia msafara wa harusi juu ya pikapu. Wiki iliyopita pikapu iliruka tuta, tarumbeta ikamtoka mkononi, na gari la bibi harusi likapita juu yake. (Harusi iliendelea. Tarumbeta haikuendelea.)

Kesho wana harusi kubwa Nyahanga. Mzee Masanja akamwambia waziwazi: "Ukija mikono mitupu, nampigia simu yule kijana wa Ngokolo mwenye tarumbeta yake. Na akishapanda kwenye pikapu yangu, hashuki."

Baba Neema akakosa raha kabisa. Chakula hali, utani hataki. Amepiga kwenye kundi lile tangu hatujaoana, leo anyang'anywe nafasi kwa ajili ya tuta! Roho iliniuma. Nikasema tarumbeta nitanunua mimi, maana nikimtuma yeye atarudi na bomba la maji.

Kuna duka moja kubwa la vyombo vya muziki, lina tawi Kahama na lina ukurasa mtandaoni. Unaagiza kwa simu, unaenda kuchukua dukani. Juzi nikawaandikia. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini:

"Karibu sana mpendwa mteja! Naitwa Happiness, nipo hapa kwa ajili yako. Familia haijambo?"

Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Familia yangu ameijulia wapi?

Nikaandika: "Tarumbeta mnayo?"

"Tunayo mama. Na usipoipenda, una siku saba za kuirudisha. Tunakubadilishia bila maswali."

Jamani. Mfanyabiashara gani anakuuzia kitu huku anakuonyesha njia ya kukirudisha? Segese ukishanunua umenunua, hata urudi na machozi na mashahidi. Nikajua hapa hakuna duka. Hapa kuna vijana wamejifungia chumbani na rundo la laini za simu. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Kama wewe ni mtu kweli, jipige picha umeshika hiyo tarumbeta, na mkono mwingine umeshika kiatu."

(Tapeli hawezi kuwa amejiandaa na kiatu.)

Picha ikaja. Binti nadhifu, tarumbeta mkono huu, kiatu mkono ule, tabasamu katikati. Nyuma yake mwenzake ananipungia mkono. Ndiyo nikazidi kuogopa. Mtu mwenye shughuli zake angenitukana. Nikaagiza hivyo hivyo kwa jina langu, lakini senti sikutuma.

Leo asubuhi nikapanda mchomoko, zile gari ndogo zetu za abiria, mpaka Kahama. Mpango wangu ulikuwa kuingia kama mtu mwingine, niwachunguze. Nikajitanda mtandio hadi karibu na macho.

Kwanza, duka lilikuwepo. Hilo lilinivuruga kidogo. Magitaa yamening'inia ukutani, vinanda vimepangwa, ngoma za kila saizi, kiyoyozi kinapuliza. Wanakwaya fulani walikuwa wanachagua kinanda pamoja na katekista wao. Nikajiambia, usidanganyike, jengo hata tapeli anapanga.

Akaja Happiness mwenyewe, yule wa kiatu. "Shikamoo mama. Karibu sana." Akanipa na glasi ya maji ya baridi. Maji ya bure! Nikaipokea, nikaishika, sikunywa hata funda moja.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Naangalia tu. Mimi ni Mama Shija. Natoka Geita. Nataka... filimbi."

Akanionyesha filimbi. Zote. Moja moja, kwa subira, akieleza ipi inamfaa anayeanza. Halafu akaniangalia kidogo.

"Samahani mama, sauti yako kama naifahamu. Si wewe Mama Neema wa Segese uliyekuwa unanitumia ujumbe wa sauti?"

"Huyo mwanamke simjui."

"Sawa mama. Basi nisubiri kidogo nimpigie, mzigo wake uko tayari."

Akabonyeza simu. Na simu yangu ikalia. Ndani ya sidiria. Na mlio wake, kwa bahati yangu, ni sauti ya binti yangu aliyojirekodi mwenyewe: "Mama Neema pokea simu! Mama Neema pokea simu we!"

Wanakwaya wote wakageuka kunitazama kifuani.

Happiness hakucheka. Alikata simu taratibu, akasema, "Karibu Mama Neema, tarumbeta yako ni hii," akanivutia na kiti. Mimi mtu akinifanyia hivyo mezani kwangu, namfukuza na kipande chake. Yeye ananivutia kiti! Nikasema huyu binti anaficha kitu kizito.

Akanipeleka kwenye chumba cha kujaribia, chumba kidogo cha vioo, ukifunga mlango sauti haitoki nje. (Chumba ambacho mtu akipiga mayowe hasikiki. Na wao wanakisifia!) Nikampigia Baba Neema simu ya video ili akague. Akatokea akiwa mazoezini, uani kwa Mzee Masanja, na kundi zima limemlalia mabegani.

"Geuza nione vitufe," akasema. Nikageuza. "Nzuri! Chukua!"

"Hujaisikia hata inavyolia."

"Chukua Mama Neema!"

"Chukua!" wakaitikia wote nyuma yake, watu ambao hawachangii hata senti.

Nikaona hawa watanitia hasara. Nikashusha sauti ya simu mpaka mwisho, nikaiegemeza kwenye ngoma iliyokuwa pale, wabaki wakitazama tu kwa adabu. Hapo Happiness akasema, "Nakuacha ujaribu kwa nafasi, mama. Usijali muda." Akatoka. Akafunga mlango.

Nikabaki peke yangu na mali yao.

Fikirini na ninyi. Mimi siwezi kumwacha mtu na chembe ya dhahabu hata nikipiga chafya. Nani anamwacha mgeni, tena mgeni aliyedanganya jina lake, peke yake na kitu cha thamani? Anayejua kwamba kitu chenyewe hakina thamani! Ushahidi nikawa nao kichwani. Ulibaki wa kuushika mkononi.

Kwenye mkoba wangu kuna kichupa cha asidi, nimekifunga kwa kitambaa, sitembei bila hicho. Ndicho kipimo changu. Kitu cha njano nakikwangua kidogo, nadondosha tone, nasubiri. Kikitulia, nalipa. Kikitoa povu la kijani, namtimua aliyekileta. Miaka yote hii kipimo hicho hakijawahi kunidanganya.

(Msianze. Najua mnachotaka kusema. Wakati ule hakikuniingia kichwani.)

Nikakwangua pembeni, pale kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, kwa ncha ya ufunguo. Nikadondosha tone moja. Nikainua macho kwenye simu. Baba Neema karuka kutoka kwenye kiti, anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi. Mzee Masanja kashika kichwa. Mpiga ngoma kubwa kapiga magoti, ngoma ikiwa bado tumboni. Nikawapungia. Nilidhani wananishangilia kwa jinsi ninavyowalinda.

Povu likaja. Kijani kibichi. Na kamoshi juu yake.

Sitawadanganya, nilifurahi. Nimewakamata! Nikausukuma mlango, na kwa kuwa mle ndani sauti haitoki, nilitoka na yote niliyokuwa nimeiweka akiba:

"SHABA! Jamani hii ni shaba! Hawa watu wanauza shaba! Njooni mshuhudie!"

Aliyekuwa anajaribu gitaa akaacha. Katekista akanitazama, akaitazama tarumbeta, akanitazama tena. Akauliza kwa upole, "Mama, wewe ulitaka iwe ya nini?"

Nikamwonyesha povu.

Happiness akasogea karibu, akaongea chini chini kama mtu anayempa mwenzake taarifa ya msiba. "Mama Neema. Tarumbeta zote ni za shaba. Wanaichanganya na madini mengine, halafu wanaipaka rangi ing'ae."

"Zote?"

"Zote mama."

"Hata ile ya zamani ya Baba Neema?"

"Hata hiyo."

Nimeishi na tarumbeta ndani ya nyumba yangu tangu niolewe. Nimeipangusa vumbi kwa mikono hii. Sikuwahi kuipima kwa sababu hakuna aliyekuja kuniuzia!

Wanakwaya wakashindwa kujizuia. Katekista alicheka mpaka akaegemea kinanda, na kinanda kikalia, wakazidi kucheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa naitazama tarumbeta, na nikaona lile povu bado linakula. Happiness akakimbia kuchukua kwenye chumba cha vioo ile glasi ya maji niliyokataa kuyanywa, akayamwaga yote pale, akafuta kwa kitambaa, akamwaga mengine, akafuta tena. Povu likaondoka. Likabaki doa jeusi lenye ukingo wa kijani, pana kama sarafu, mahali ambapo kila mtu ataliona.

Hapo nilitaka kulia, na si kwa aibu. Nilimwona yule kijana wa Ngokolo amesimama juu ya pikapu, mahali pa mume wangu, anapuliza, na mume wangu amekaa nyumbani anatazama ukuta. Na aliyemfukuza ni mimi, kwa tone moja.

"Nimeiua?" nikauliza.

Happiness akaichukua. Alibonyeza vitufe kimoja kimoja, akaiweka mdomoni, akapuliza. Ilitoka sauti nene, safi, ikajaa duka zima, mpaka wanakwaya wakanyamaza wenyewe.

"Inalia mama. Doa halitatoka, lakini halimzuii mtu kupiga."

Nikamshika mikono yote miwili. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Kwetu ndiyo asante.

Akaja meneja. Nilisimama tayari kutukanwa, na kwa kweli nilikuwa natamani, ningetulia. Akasema, "Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja." Pole! Mimi ndiye nimewachomea tarumbeta! Akakohoa kidogo, akaongeza: "Ila zile siku saba za kurudisha, mama, kwa hii tuziache." Nikalipa bei yote. Sikuomba hata punguzo, na wanaonijua wanaelewa hilo ni jambo zito kiasi gani.

Nikarudi kwenye chumba cha vioo kuchukua simu. Bado ilikuwa hewani. Nikapandisha sauti, na kicheko kilichotoka humo karibu kinifanye niiangushe. Uso wa Mzee Masanja ukajaa kwenye kioo.

"Mwadila, Mama Neema."

"Mwadila, baba."

"Tarumbeta ni nzima?"

"Ni nzima baba. Inalia. Ina doa tu."

Nikasikia Baba Neema nyuma yake, anacheka na kupangusa machozi kwa mkono wa shati: "Mzee, hilo si doa, ni cheti! Tarumbeta zenu ninyi nani amezipima?" Sijui nilimpata wapi mwanaume huyu. Mwingine angekuwa ameshapiga simu kwetu waje kunichukua.

Mzee Masanja akamnyamazisha. Akakaza uso. "Nafasi ya mumeo ipo. Kijana wa Ngokolo simpigii. Lakini nina sharti."

"Sema baba."

"Kesho unakaribishwa harusini. Ule, unywe, ucheze. Ila kundi langu lina tromboni, lina lile dude kubwa la kuzungusha begani, vyote vya njano. Nimewaambia vijana: wakikuona unawasogelea na mkoba, wasimalize wimbo, wakimbie."

Nimekubali. Kwa hiyo kesho mume wangu atakuwa juu ya pikapu anapuliza, na mimi nitakuwa nyuma ya nyumba na wapika pilau, namenya vitunguu. Atakayenikuta huko achukue kisu tusaidiane, na akiniona nafuta machozi, tafadhali, ajue ni vitunguu.