Akaunti ya Bi Hajira Yatafutiwa Mchawi

Amri wa Kibiti alikuwa na kitambulisho cha fundi kompyuta shingoni, alichojichapia mwenyewe, na pua ya kunusa shida za watu. Siku moja, akinywa chai chini ya dirisha la ushirika wa ufuta, aligundua jambo tamu: neno la siri la katibu likikosewa mara tatu, akaunti inajifunga. Tangu hapo akawa anakosea kwa bidii, kwa simu yake, kila amalizapo chapati.

Ndani, katibu mwenyewe, Bi Hajira, alikaribia kulia. Uzito wa magunia usipoingia kwenye mfumo kabla ya mnada, ufuta wa wakulima ungelala ghalani na kazi yake ingeota mbawa. Amri akaingia kumwokoa, Mungu amjalie. Akanusa nyaya. Akaitegea kompyuta sikio.

"Bi mkubwa, humu hamna ubaya. Chanzo kiko Salale, kwenye mikoko. Mawimbi ya mtandao yanagonga miti, yanarudi na hasira. Nipe nauli ya boti na ile pikipiki ya ofisi, nikakilinde usiku na mchana."

"Pikipiki utaiendesha majini?"

"Ya kurudia, bi mkubwa."

"Haya. Ila tunakwenda wote."

 Mjanja alikuwa amepanga kukilinda chanzo hicho akiwa amejificha Ikwiriri, kitandani.

Walipofika Salale, simu yake haikushika mtandao hata kidogo. Hakujali. Akafunga kitambaa chekundu kwenye mkoko, akausomea maelekezo ya chaja kwa sauti ya msiba. Simu ya Bi Hajira, yenye laini nyingine, ikaita. Alikuwa Tabu, karani wake.

"Bi Hajira, toka asubuhi haijajifunga! Magunia yanaingia tu!"

"Nimeking'oa!" akatamba Amri. "Twende nikachukue pikipiki."

Bi Hajira hakuinuka.

"Mwanangu, ulipolala na malaria, akaunti haikujifunga. Ulipokwenda msibani Dimani, haikujifunga. Leo uko huku, imetulia. Chanzo ni wewe. Una mkosi, maskini, wala si kosa lako."

 Kuukana mkosi kulitaka Amri aeleze habari za simu, na kueleza simu ni kujipeleka polisi kwa miguu yake. Akaukubali mkosi. Njia ya mwongo fupi, na hii iliishia kwenye tope.

"Na ulisema chanzo kilindwe usiku na mchana," Bi Hajira akaendelea kwa upole. "Shangazi yangu wa hapa ana dungu kwenye mpunga. Utakaa humo juu mpaka mnada upite. Ukiona ndege, fukuza."

Akiwa juu ya dungu, debe bovu mapajani, Amri aliitazama boti ikipotea nyuma ya mikoko. Ndipo akasikia kicheko cha Bi Hajira, kirefu, cha mtu aliyekibana tangu Kibiti. Alijua! Alijua siku zote!

"Fundi!" shangazi akaita kutoka chini. "Ndege hao, wanatumaliza!"

Amri akashika debe, akalipiga mara tatu.