Nyuki wa Buluu Kwenye Mtandio Wangu

Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yanawaka. (Moja linawaka kweli. Endeleeni kusoma.)

Mnajua shangazi zake Siraji walikuwa waje leo kutoka Koboko kuniangalia. Huyo kijana nampenda, sitaficha, na kwao shangazi wasipokubali hakuna posa. Tangu alfajiri mama ananiambia neno lile lile: "Zainabu, leo tulia."

Nywele nilikuwa nimesukwa upande mmoja tu, msusi wangu akakimbilia msibani. Lakini mtandio si upo? Nikajifunika, nikatoka kwenye asubuhi ya mawingu kukata mchaichai wa chai.

Hapo nikamwona yule nyuki mweusi mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Tunafahamiana. Kila siku huzungukazunguka ukuta wa udongo wa jiko letu hapa mtaani Oli, pale nyuki wa kahawia wanapochimba vitundu vyao. Yeye hachimbi hata siku moja. (Nilidhani ni bosi wao.) Leo alikuwa ameng'ata jani la mchaichai, miguu ameikunja, hatingishiki. Amekufa, maskini! Sasa rangi yote hiyo ipotee bure? Nikakata jani pamoja na nyuki wake, nikalichomeka kwenye mtandio, juu ya sikio. Nilipendeza, wallahi.

Wageni wakafika, wanawake watatu. Nikapiga magoti, nikasalimu, nikaanza kumimina chai polepole. Shangazi mkubwa akamnong'oneza mwenzake, "Hii mutoto iko na adabu." Mama akasikia, akavimba kwa furaha.

Mvuke wa chai ukapanda. Kumbe marehemu alikuwa amelala tu!

Kwanza nikasikia mtetemo. Kisha miguu. Kisha akaingia sikioni.

"Yarabi!" Nikaruka. Sinia la mandazi likaruka. Mtandio ukaruka. Nyuki akanichoma, akatorokea dirishani. Nikabaki katikati ya chumba, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Mama akafunika uso kwa mikono.

Shangazi mkubwa akaokota andazi mapajani mwake. "Ile mududu ya buluu? Kwetu Abuku, kule Koboko, iko mingi. Inalala hivyo, inauma majani mpaka jua inatoka. Lakini iko muvivu! Haijui kujenga nyumba. Inangoja mwenye nyumba anatoka, inaingia, inaweka mayai, inakimbia. Watoto yake inakula chakula ya wenyewe."

"Mimi nilifikiri iko bosi," nikasema. (Kwa nini nilisema? Hata sijui.)

Wote watatu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Shangazi akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wangu. "Nyamaza, mutoto. Ile nyuki inaingia kwa nyumba ya watu bila kuomba. Sisi tutarudi kuomba."

Moyo wangu! Jumapili wanakuja na wanaume. Msinicheke, nawasihi. Nitafutieni msusi wa nusu iliyobaki, haraka.