Kupinga Ukuta wa Magwiji wa Raga Kupakwa Rangi Bila Jina Langu

Zefania Ntandu,
Mandewa, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti,
Singida.

14 Agosti 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Ukuta wa Magwiji,
Klabu ya Raga Upepo,
Mandewa.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Gerald,

YAH: UKUTA WENU NA KILICHOKOSEKANA JUU YAKE

Umenizidi miaka miwili, kwa hiyo kabla sijasema lolote shikamoo yako hii hapa, ipokee. Sitaki ije isemwe kwenye kikao kwamba Zefania aliandika kwa hasira mpaka akasahau adabu. Hasira ninayo, tena ya kutosha. Adabu nayo ipo, na ndiyo hasa iliyoniponza, kama utakavyoona mbele.

Mimi, kwa faida ya wajumbe wapya wasionifahamu, nilivaa namba kumi na tano ya klabu hii kwa miaka tisa. Namba kumi na tano ni yule mtu wa nyuma kabisa, ambaye adui akishampita yeye, kilichobaki ni kuokota mpira na kurudi katikati. Nimesikia kwamba Jumamosi ya wiki ijayo mtazindua ukuta wa ofisi ya klabu wenye majina ya wachezaji kumi na watano bora wa zamani. Jana nilipita pale na baiskeli nikitoka kununua chumvi ya ng'ombe. Fundi alikuwa amemaliza kuandika kwa penseli, bado rangi. Nikasoma majina kutoka juu kwenda chini. Nikasoma kutoka chini kwenda juu. Nikavaa miwani, nikaanza upya. Jina langu halipo! La mkwe wangu Leonidas liko la kwanza kabisa, tena herufi zake kubwa kuliko za neno OFISI.

Nilimfuata katibu, Ndugu Deo, akanifungulia daftari la kamati bila hata haya. Mmeandika hivi: "Zefania ameachwa. Katika fainali ya mwaka 2004 alipitwa na Leonidas mara nne bila kumgusa hata mara moja. Alisimama kama geti lililosahauliwa wazi." Mwalimu, maneno hayo yamenikata maini. Usingizi wa mchana sijaupata tangu jana. Naomba niyajibu kwa utaratibu, na naomba kamati ikae kabla fundi hajafungua kopo la rangi.

1. Kuhusu historia. Wajumbe wengine wameijua raga juzi kwenye simu, kwa hiyo niwakumbushe. Mchezo huu uliletwa Mandewa na mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuja kwa kujitolea, akaondoka akituachia mipira miwili na kitabu cha sheria kisicho na jalada. Mkoa mzima haukuwa na klabu nyingine ya kucheza nayo. Dodoma walisema wangekuja, na mpaka leo tunawasubiri. Ikabidi tucheze wenyewe kwa wenyewe. Kila Agosti, alizeti zikishavunwa na upepo ukianza kutembeza vumbi, wenye wake walivaa nyekundu, makapera walivaa nyeupe, na hiyo ndiyo ilikuwa ligi, ndiyo kombe, ndiyo fainali. Wewe na mimi tulikuwa nyekundu. Usijifanye umesahau, maana viatu vyako nilikuwa nakufungia kamba mimi, kwa vile hukuweza kuinama.

2. Kuhusu rekodi yangu. Kwa miaka tisa nimeangusha watu ambao leo wanaogopwa mtaani. Nilimwangusha Gasto, fundi chuma, akiwa katika mbio kamili, na alipoamka aliuliza kama mvua imeshanyesha. Nilimwangusha Deo huyuhuyu katibu wenu mara saba. Bega lake la kushoto mpaka leo linamtabiria baridi, na hiyo ni kazi ya mikono yangu. Sitii chumvi hata kidogo. Muulizeni, au mgongeni tu begani akiwa hajajiandaa, mtaona.

3. Kuhusu hizo mara nne. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na naomba hata wanaosinzia kikaoni waamshwe. Leonidas ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu Agripina, mahari ikakamilika, kanisani wakaenda, na kijiji kizima cha Mwankoko kililetwa kwangu kwa lori. Sasa nyinyi ni watu wa huku, wala sihitaji kuwafundisha. Mkwe tunasalimiana naye kwa mbali kidogo. Benchi moja hatubanani. Akiingia mlangoni wakati mimi natoka, mmoja wetu anarudi nyuma. Raga yenu inataka nini? Inataka nimkimbilie mkwe, nimkumbatie mapajani, nibane shavu langu kiunoni mwake, kisha nianguke naye chini na kugaagaa, huku mama mkwe wake, yaani mke wangu Selina, amekaa pembeni ya uwanja anauza karanga! Jamani! Hivi kweli, Mwalimu, wewe ungefanya?

Mara nne Leonidas alinijia na mpira. Mara nne nilimpisha. Mara ya tatu nilivua hata kofia. Mtu wa mbali angeona nimeshindwa, lakini watu wa hapahapa, waliozaliwa hapa, kuandika kwamba nilisimama kama geti! Ile ilikuwa adabu. Zile trai nne alizofunga, mnazompigia makofi, zilikuwa zawadi ya ukweni, na naomba zihesabiwe hivyo kwenye daftari.

4. Kuhusu wale mliowaona wanafaa. Nimejikaza sana nisiguse jambo hili, lakini nimeshindwa. Jina la nne ni Ndugu Raymond, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Raymond hajawahi kushika mpira wa raga. Alitoa saruji ya ukuta, mkamwandika "mchezaji wa moyo". Jina la saba alikuwa mwamuzi. Kucheza kwake kote kulikuwa kwa mdomo, kupuliza filimbi. Jina la tisa alicheza nusu saa maisha yake yote, na katika hiyo nusu saa alikimbia na mpira kuelekea milingoti yetu wenyewe, sote tukamkimbiza kumwomba asimame. La kumi na moja ni katibu. La kumi na mbili ni mhazini. La kumi na tatu ni wewe. Sisemi mmependeleana, Mwalimu. Nasema tu kwamba ubora wa raga hapa Mandewa umewakalia wajumbe wa kamati kwa wingi wa kushangaza.

5. Kuhusu hatua ninazotaka zichukuliwe. Nimefikiri kwa kina na sikufikiria nafsi yangu peke yake. Kwanza, tangu sasa mchezo wowote usianze mpaka mwamuzi awe na daftari la koo, ajue nani kaoa kwa nani. Pili, wakwe wakikaribiana hatua mbili uwanjani, filimbi ilie na wapewe nafasi ya kusalimiana. Tatu, skramu, ule msukumano wa kukumbatiana vichwa chini, ikiwa na wakwe ndani yake iwekewe shuka katikati. Nne, ukuta ugawanywe: kushoto waandikwe waliofunga, kulia waandikwe waliowapisha kwa heshima, na rangi ya upande wa kulia ndiyo iwe ya dhahabu. Tano, barua iandikwe kwa wakuu wa raga duniani, huko waliko, waelezwe kwamba sheria zao zilitungwa na watu ambao hawajawahi kwenda kujitambulisha ukweni.

Kamati ikiona hayo ni mazito, basi fainali ya mwaka 2004 irudiwe. Niko tayari. Nina miaka sitini na mbili na goti moja zima. Leonidas ana arobaini na mbili na kitambi ambacho Agripina amekilea kama mtoto wa tano. Itabidi tu wazee wa pande zote mbili wakae, watupe likizo ya ukwe kwa dakika themanini, kisha tukimaliza tuoge, tusalimiane upya na kila mtu arudi kwenye heshima yake.

6. Kuhusu Yunisi. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu nilikuwa naogopa kuliandika. Mmemchagua mjukuu wangu Yunisi, kitinda mimba wa Leonidas na Agripina, ayasome majina ya ukutani kwa sauti siku ya uzinduzi, kwa kuwa ndiye anayesoma vizuri kuliko wote darasa la tano. Mtoto yule tangu anatambaa nimemsimulia habari za babu yake wa namba kumi na tano. Anazijua kwa moyo. Juzi alikuja kunionyesha gauni atakalovaa, akaniomba nikae mstari wa mbele ili akifika kwenye jina langu aninyooshee kidole na watu wanione. Nilisema nakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa mbele yangu wamelala. Sasa niambie, Mwalimu, wewe uliyefundisha watoto maisha yako yote. Atasoma majina kumi na tano, atageuza macho aendelee, na ukuta utakuwa umeisha. Naumia. Nasema waziwazi kwamba naumia, na wala si kwa ajili ya rangi.

Kwa hayo yote, naomba jina la Leonidas lishushwe mpaka upande wa wapewa zawadi, na langu lipandishwe pale juu, herufi zilezile, ukubwa uleule.

Nimemaliza, ingawa wino bado upo. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na umwambie dawa ya mgongo aliyonipa imesaidia. Msalimie Deo pamoja na bega lake. Msalimie Ndugu Raymond, mchezaji wa moyo, na umwambie bawaba alizoniuzia zimepinda. Wasalimie wajumbe wote, walioko ukutani na wasiokuwepo, kama wapo. Fundi wa rangi naye mpe salamu zangu, na asiwe na haraka.

Mimi mwanachama wenu, nisiyeandikwa lakini ninayelipa ada,

Zefania Ntandu
Namba Kumi na Tano (mstaafu)

NYONGEZA: Barua hii nilimpa Selina aisome kabla sijabandika bahasha, kwa sababu yeye ndiye mwenye jicho la herufi hapa nyumbani. Alisoma kimya mpaka namba tatu. Hapo akacheka mpaka akakaa chini, akasema maneno kwa Kinyaturu ambayo hayafai kuingia kwenye barua ya ofisi. Alipopata pumzi aliniuliza swali moja tu: kama siku ile Leonidas alikuwa mkwe wangu, alitafuta nini kwenye jezi nyeupe ya makapera?

Nimelikalia swali hilo tangu saa nne asubuhi, na chai imeniganda mbele. Nimetafuta pa kutokea, sijapaona. Ndoa ilikuwa mwaka 2006, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa mshereheshaji.

Basi nikwambie ilivyokuwa. Siku ile yule kijana nilikuwa simjui, zaidi ya kwamba anatoka Mwankoko na ana miguu mirefu. Nilitaka kumwangusha. Mara zote nne nilitaka kwa moyo wangu wote. Mara ya kwanza nilikumbatia upepo. Mara ya pili nilikumbatia vumbi. Kofia mara ya tatu sikuivua, ilianguka yenyewe nilipogeuka kutazama amepitia wapi. Mara ya nne goti likageuka, nikabaki chini. Wenzake wote walikuwa wanashangilia kule mwisho, wamembeba mfungaji juujuu, naye akawaomba wamteremshe. Akarudi peke yake mpaka nilipolala, akanipakia mgongoni na kunileta nyumbani njia nzima, akiniita baba na kuniomba msamaha kila baada ya hatua kumi. Selina alikuwa bado uwanjani anakusanya karanga zake. Aliyetufungulia mlango ni Agripina.

Kwa hiyo liacheni jina lake palepale juu, na herufi zisipunguzwe. Mimi Jumamosi nitakuja na kukaa mstari wa mbele. Ila rangi ikibaki kidogo kwenye kopo, fundi aongeze chini ya jina la Leonidas, kwa herufi ndogo tu: "Alimpita Zefania mara nne." Yunisi anasoma kila kitu kilichoandikwa, na akifika hapo ataninyooshea kidole.